"Nenda nyumbani ukapone kwanza": kauli inayomponza mgonjwa na mwajiri wake

MWENYE mashine ya kusaga nafaka mara nyingi huwa mtu wa mwisho kushituka kijana wake anapokohoa. Kila anayefanya kazi kwenye mashine hukohoa. Vumbi la unga limetanda kwenye nyusi, kwenye kuta na kwenye mota, na kikohozi huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi, sawa na kelele.

Ndiyo maana wiki ya kwanza hakuna anayeuliza. Wiki ya pili kijana ananunua dawa ya maji kwenye duka la dawa la jirani. Wiki ya nne suruali inaanza kumpwaya, usiku anatoka jasho hadi shuka linalowa, na gunia alilokuwa akilibeba peke yake sasa anaombea msaada. Siku anayokwenda zahanati na kutakiwa atoe makohozi yapimwe, miezi miwili imekwishapita.

Majibu yakitoka kuwa ni kifua kikuu, mwajiri hutamka maneno yaliyozoeleka katika maduka, mashamba na karakana nyingi nchini: "Nenda nyumbani ukapone kwanza, ukipona utarudi." Anatoa na nauli juu yake.

Kauli hiyo husemwa kwa nia njema, na anayeambiwa hushukuru. Hata hivyo, ni kauli yenye gharama. Mgonjwa aliyeandikishwa kliniki ya mjini anapanda basi kwenda kijijini bila barua ya uhamisho wa matibabu, na dawa alizopewa zinamwishia huko. Mwajiri naye anadhani amempumzisha kijana, kumbe mbele ya sheria anaweza kuhesabiwa kuwa amemwachisha kazi. Na mashine inabaki mikononi mwa mtu asiyejua mkanda unapaswa kukazwa kiasi gani.

Suala la kumhudumia mfanyakazi aliyepatikana na ugonjwa mkubwa limezoeleka kuzungumzwa kama jambo la makampuni yenye idara ya utumishi na daktari wake. Mkulima mwenye mkamuaji mmoja, au mama mwenye duka la pembejeo na msichana mmoja wa kuuza, hujiona hawamo. Ukweli ni kwamba hao ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu mfanyakazi mmoja akianguka, nusu ya biashara imeanguka. Wao pia ndio wenye nafasi ndogo ya kukosea.

Siku 126

Tanzania Bara, jambo hili linaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004. Zanzibar inayo yake, Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na mwajiri wa huko anapaswa kuangalia hiyo.

Sheria ya Bara inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36 ya ajira. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili. Siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Mfanyakazi kwa upande wake anatakiwa kuleta cheti cha daktari. Asipokileta, mwajiri halazimiki kulipa. Karatasi ya ED, kama wafanyakazi wenyewe wanavyoiita, siyo mapambo. Ikatwe tarehe, isainiwe, itunzwe kwenye faili au hata kwenye bahasha moja na risiti za luku.

Haki hiyo humpata aliyefanya kazi miezi sita au zaidi. Hata mfanyakazi wa msimu hakuachwa nje: sheria inamtaja, na pia inamtaja yule aliyeajiriwa vipande vipande na mwajiri yule yule ndani ya mwaka mmoja, mradi jumla ya vipande hivyo ivuke miezi sita. Wakulima wanaoita watu wale wale kila palizi na kila mavuno wasome kifungu hicho mara mbili.

Wapo wanaosema, "Mimi sijawahi kumwandikia mkataba, kwa hiyo hanidai kitu." Kwa kweli ni kinyume chake. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Likitokea shauri na mwajiri akawa hana karatasi yoyote, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa mashine ya kusaga na kukoboa katika mji mdogo wa barabarani, mfano wa kubuni lakini usio mgeni kwa wasomaji wa kurasa hizi. Mwendesha mashine analipwa Sh. 240,000 kwa mwezi, yaani Sh. 8,000 kwa siku tukigawa kwa siku 30. Akiugua hadi kumaliza likizo yake yote ya ugonjwa, siku 63 za kwanza zitamgharimu mwajiri Sh. 504,000. Siku 63 za nusu mshahara ni Sh. 252,000. Jumla ni Sh. 756,000.

Kwa mtu anayezungusha mtaji mdogo, kiasi hicho kinatisha. Lakini hicho ndicho kiwango cha juu ambacho sheria inakitaka kwa mfanyakazi huyo katika miezi 36. Gawanya Sh. 756,000 kwa miezi 36, unapata Sh. 21,000 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi ni kama Sh. 808 kwa siku.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Kinachomwangusha mwajiri mdogo siyo ukubwa wa gharama ya ugonjwa. Ni kwamba gharama hiyo huja siku moja, wakati fedha yote iko kwenye mahindi, kwenye mbolea au kwenye ada ya shule. Mwenye kuweka Sh. 21,000 kila mwezi kwenye akaunti ya pembeni, au kwenye kibubu cha simu asichokigusa, amekwishaulipia ugonjwa kabla haujaja. Usipokuja, fedha ni yake. Mwenye wafanyakazi watatu hana haja ya kuweka mara tatu, kwa kuwa ni nadra wote kuugua kwa pamoja. Mfuko wa mmoja na nusu unaweza kutosha.

Anayefundishwa upya hulipiwa na mteja

Upande wa pili wa mizani ni gharama ya kumpoteza mtu. Hii haina risiti, na ndiyo sababu haionekani.

Tuendelee na mashine ile ile. Tuseme ilikuwa ikisaga debe 30 kwa siku. Anakuja kijana mpya ambaye hajui sauti ya mota inayoelemewa, anachelewa kubadili chekeche, hajui kuwa mama fulani hapendi unga mzito wala kuwa mzee fulani hulipa Jumamosi. Debe zinashuka hadi 22. Kila debe likibakiza Sh. 1,000 baada ya umeme na matengenezo, hasara ni Sh. 8,000 kwa siku, au Sh. 208,000 kwa mwezi wa siku 26. Miezi miwili ya kujifunza imekula Sh. 416,000, bado nyundo zilizolika kwa kusagia mahindi yenye mawe.

Linganisha na mgonjwa wa kifua kikuu anayepumzika wiki sita, siku 42, kwa mshahara kamili: Sh. 336,000. Ni kweli kwamba katika wiki hizo sita mashine itaendeshwa na mtu wa muda, na debe zitapungua vile vile. Tofauti ni kwamba wiki ya saba mwenyewe anarudi, na kama bado hawezi kubeba, anaweza kukaa kwenye benchi na kumwelekeza huyo wa muda kwa mdomo.

Hesabu hii haitoki hivyo kwa kila kazi, na si haki kuificha. Mbeba magunia sokoni, au kibarua wa kupalilia, nafasi yake huzibwa asubuhi ya pili na hakuna debe linalopungua. Kwa mtu huyo mwajiri hawezi kutafuta faida katika kumsubiri. Anamsubiri kwa sababu sheria inasema hivyo, na kwa sababu waliobaki kazini wanatazama. Mfanyakazi aliyeona mwenzake akipewa nauli na kusahaulika hatasema siku yeye mwenyewe atakapoanza kukohoa. Atanyamaza, atanunua dawa ya maji, ataendelea kulala kwenye stoo moja na wenzake.

Wiki mbili, miezi miwili, miezi sita

Kifua kikuu kinafaa kutazamwa kwa kirefu kwa sababu ndio ugonjwa mkubwa ambao mwajiri mdogo ana uwezekano wa kukutana nao, na ndio ambao ratiba yake inajulikana mapema. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2021 hadi 2025.

Kifua kikuu cha kawaida, yaani kile kisicho sugu kwa dawa, hutibiwa kwa miezi sita. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa humeza dawa za aina nne zilizounganishwa, na miezi minne inayofuata aina mbili. Vipimo na dawa hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Mwajiri anayedhani ataangushiwa gharama ya matibabu amekosea adui. Gharama yake ni muda.

Muda huo nao una hatua. Mgonjwa anayemeza dawa sawasawa na kuitikia vizuri, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi huacha kuambukiza wengine. Nguvu huchelewa kurudi kuliko hapo. Wengi huanza kujisikia watu katika mwezi wa kwanza au wa pili, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa aliyepata nafuu huona hana sababu ya kuendelea kumeza vidonge. Akiacha, vijidudu vilivyobaki vinaweza kurudi vikiwa sugu. Matibabu ya kifua kikuu sugu nchini yalianza mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, na kwa miaka mingi yalimchukua mgonjwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Siku hizi ziko tiba fupi zaidi, lakini bado ni safari ambayo hakuna anayepaswa kuianza kwa sababu ya uzembe.

Kwa hiyo mchango mkubwa wa mwajiri ni kumbakiza mgonjwa karibu na kliniki yake. Kama kijana ana ndugu mjini, mshahara unaoingia kila mwisho wa mwezi ndio utakaomfanya akaribishwe na ndugu hao bila manung'uniko. Kama ni lazima arudi kwao, basi asiondoke kabla ya kupita kliniki na kuchukua barua ya uhamisho, aandikishwe kituo cha huko, ndipo apande basi. Ni suala la asubuhi moja.

Utaratibu wa nchini humruhusu mgonjwa kuchagua amezee dawa zake kituoni au nyumbani mbele ya msimamizi anayemwamini. Msimamizi huyo anaweza kuwa mke, jirani, au hata mwajiri mwenyewe. Mwenye mashine anayefungua saa moja asubuhi na kumshuhudia kijana wake akimeza vidonge kwa maji ya kikombe kimoja amefanya kazi ya muuguzi kwa dakika mbili.

Afahamu pia mambo machache yasije yakamtisha. Mojawapo ya dawa hizo hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Hilo ni la kawaida. Macho kuwa ya njano, kutapika kusikokoma au maumivu makali ya viungo si la kusubiri tarehe ya kliniki. Mgonjwa arudi kituoni siku hiyo hiyo. Makohozi hupimwa tena mwishoni mwa mwezi wa pili, wa tano na wa sita, na siku hizo apewe ruhusa bila kuombewa.

Wale waliokuwa wakilala naye au kufanya naye kazi katika chumba kimoja wanatakiwa kuchunguzwa. Mwajiri yumo. Vijana wengi wa mashine na wa maduka hulala humo humo kazini kama walinzi, katika stoo yenye mlango mmoja na dirisha lililozibwa kwa bati kuzuia wezi. Ugonjwa huu huenea kwa hewa ya chumba kilichofungwa. Nondo mbili na wavu kwenye dirisha lililo wazi huzuia mwizi vile vile, na ni kazi ya fundi wa siku moja.

Siri siyo ya duka

Habari huvuja upesi mahali pa biashara ndogo. Mteja anauliza, "Yule kijana yuko wapi?" Na aliyeko kwenye mizani, bila ubaya wowote, anajibu.

Jibu sahihi ni fupi: anaumwa, amepumzika. Jina la ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Mwajiri akitaka kuwaambia wafanyakazi wengine wakapimwe, amwombe kwanza mgonjwa mwenyewe, au awaachie wahudumu wa afya waliosomea namna ya kuzungumza na watu hao.

Lipo jambo moja ambalo waajiri hukosea hasa. Kila mgonjwa wa kifua kikuu hushauriwa kupima virusi vya UKIMWI, na mwajiri hushikwa na hamu ya kujua majibu. Hana haki hiyo. Sheria ya UKIMWI Na. 28 ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima na inakataza kutoa siri ya majibu yake. Sheria ya ajira nayo inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya virusi hivyo. Kinachomhusu mwajiri ni karatasi ya daktari isemayo mfanyakazi apumzike siku ngapi na akirudi afanye kazi gani. Mengine hata akiyajua hayamwongezei debe.

Mazungumzo ya kwanza yafanyike faragha, wote wameketi, na yasichukue muda mrefu. Mgonjwa anataka kusikia kama kazi yake bado ipo, mshahara utakuja vipi, na nani atashika nafasi yake. Waandike makubaliano kwenye karatasi moja, wasaini wote. Mshahara utumwe kwa simu tarehe ile ile iliyozoeleka. Kuchelewa kwa siku tano, ambako mzima hukuvumilia, kwa mgonjwa kunaweza kuwa ndio sababu ya kukosa chakula cha kumezea dawa.

Wapo waajiri wanaopenda kutoa mkopo badala ya mshahara wa likizo, wakitaraji kuukata baadaye. Si halali kugeuza haki kuwa deni. Mkopo wa nyongeza unaruhusiwa, ila makato yake yakubaliwe kwa maandishi.

Magonjwa yasiyo na tarehe

Kifua kikuu kina mwisho unaojulikana. Saratani haina tarehe kama hiyo. Mgonjwa anaweza kupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza au KCMC mjini Moshi, na tiba ya mionzi mara nyingi humtaka awe karibu na hospitali karibu kila siku kwa wiki kadhaa. Hapo kinachomaliza watu ni nauli, pango na chakula cha anayemuuguza. Mwajiri asiye na uwezo wa kuchangia fedha anaweza kufanya jambo jingine: kupanga likizo ya mwaka ya siku 28 ifuatane na likizo ya ugonjwa, kama mfanyakazi anakubali, ili siku za mshahara kamili zirefuke.

Kisukari, shinikizo la damu na virusi vya UKIMWI ni hadithi nyingine. Mwenye magonjwa hayo akiwa kwenye dawa anafanya kazi kama mtu mwingine yeyote. Anachohitaji ni siku ya kliniki na saa ya kula. Msichana wa duka mwenye kisukari anayenyimwa kutoka kwenda kula saa saba kwa sababu wateja ni wengi, ataanguka saa tisa mbele ya wateja hao hao.

Kwa wafugaji, kuna la ziada. Mkamuaji anayepata homa za kwenda na kurudi, jasho na maumivu ya mgongo, na ambaye kila akipimwa malaria haionekani, amwambie daktari kwamba anashika ng'ombe. Ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo humpata pia mtu anayezalisha ng'ombe kwa mikono mitupu au anayekunywa maziwa mabichi, na matibabu yake huchukua wiki sita au zaidi. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita kwenye maziwa yasiyochemshwa. Mfugaji mwenye mkamuaji mgonjwa anayo sababu ya kumwita na daktari wa mifugo, kwani huenda aliyeanza kuugua si mkamuaji.

Na pale ugonjwa wenyewe ulipotoka kazini, kwa mfano kijana aliyedhurika kwa kupuliza sumu za wadudu bila kinga, ipo njia nyingine kabisa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulianza kazi mwaka 2015 kwa ajili ya walioumia au kuugua kutokana na kazi, na unachangiwa na mwajiri. Asiyesajiliwa hukumbuka mfuko huo akiwa amekwishachelewa. Hali ni hiyo hiyo kwa NSSF: mwanachama akipoteza uwezo wa kufanya kazi kwa ugonjwa, anaweza kudai mafao ya ulemavu akitimiza masharti ya michango. Asiye mwanachama hana pa kudai, na macho yote yatamgeukia mwajiri.

Vipo pia vikinga vya bei ndogo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulioenezwa kuanzia mwaka 2018, ulikuwa ukiitoza kaya ya watu sita Sh. 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 ilipitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na utaratibu umekuwa ukibadilika tangu hapo. Mwajiri aulize ofisi ya kata au kituo cha afya ni mpango gani ulio wazi kwa mfanyakazi wake na kiwango chake. Kuchangia nusu ya bima ya mtu mmoja ni nafuu kuliko kuchangisha harambee.

Asipoweza kurudi

Itatokea mwingine asirudi katika nguvu zake. Sheria haimlazimishi mwajiri kumweka mtu asiyeweza kazi milele, lakini inamtaka afuate njia.

Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa mwaka 2007 kwa Tangazo la Serikali Na. 42, zinamtaka mwajiri apate maoni ya daktari, aangalie kama hali ni ya muda au ya kudumu, azungumze na mfanyakazi, na atafute kama ipo kazi nyepesi au namna ya kuirekebisha kazi ya zamani. Hayo yote yakishindikana, ndipo ajira inaweza kusitishwa kwa sababu ya afya. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku zisizopungua 28. Hulipwa pia kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, kikomo miaka 10, isipokuwa kama amekataa kazi mbadala bila sababu ya msingi.

Aliyeruka hatua hizo anaweza kuitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mfanyakazi ana siku 30 za kupeleka malalamiko yake tangu kuachishwa. Na "nenda nyumbani ukapone kwanza" iliyosemwa bila tarehe ya kurudi, bila mshahara na bila karatasi, ni vigumu mno kuieleza mbele ya msuluhishi. Nia njema haina sahihi.

Mwenye mashine katika mfano wetu angefanya hivi. Wiki ya saba kijana anarudi na karatasi ya daktari. Hapewi gunia. Anapewa daftari, mizani na kiti karibu na mlango ambako upepo unapita. Anapokea debe, anaandika, anapokea fedha, na anamwonyesha wa muda jinsi ya kukaza mkanda. Barakoa ya vumbi inanunuliwa, yake na ya mwenzake. Mwezi wa tatu anaanza kuendesha mota. Mwezi wa nne, daktari akiridhika, anarudi kwenye magunia, na wa muda anaondoka akiwa na ufundi aliojifunza.

Mwisho wa mwezi wa sita anapeleka makohozi ya mwisho. Siku hiyo mwajiri anafungua daftari la likizo na kuandika: zimetumika siku 42, zimebaki 84 hadi mzunguko wa miezi 36 utakapoisha, kati ya hizo 21 za mshahara kamili na 63 za nusu. Chini yake anaandika Sh. 21,000 za mwezi huo.